Jedi ndani ya nyumba Unguja: bonyeza shina kabla ya kutia maji

Bi dada, umesema jedi yako (jade, ule mmea wa majani manene) iko sebuleni, nyumba ya zamani Mji Mkongwe, unaitia maji kila asubuhi, na sasa majani yamelegea na yanapukutika ukiyagusa. Aliyetangulia kukujibu kasema uzidishe maji na uyanyunyizie na majani. Naomba nimpinge kwa heshima, maana nimeotesha mmea huu Mjini kwa miaka.

Jedi, kitaalamu Crassula ovata, asili yake ni Afrika Kusini na Msumbiji, kwenye vilima vya mawe na vichaka vikavu. Akiba yake ya maji iko ndani ya majani na shina. Tena mchana hufunga vitundu vya majani, usiku ndiyo inavifungua kuvuta hewa, ili jua lisiikaushe. Ukiimwagilia kila siku katika unyevu wetu huu, udongo haukauki, mizizi inakosa pumzi na kuoza.

Kinachowachanganya watu ni kuwa jedi yenye kiu na jedi iliyooza mizizi zinafanana. Zote majani hunywea, kwani mzizi uliooza haunywi hata ukilowekwa. Kwa hiyo bonyeza shina pale linapoingia udongoni. Likiwa gumu, na majani ni membamba yenye mikunjo, hiyo ni kiu: mwagilia mpaka maji yatoke chini, na siku chache zijazo majani yatajaa tena. Shina likibonyea, majani yakawa ya manjano na laini, ni uozo. Hapo maji hayasaidii. Chukua kisu safi, kata juu ya sehemu iliyooza mpaka uone nyama isiyo na doa la kahawia, kilaze kipande kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, ndipo ukichomeke kwenye udongo mkavu. Kiache kama wiki hivi bila maji. Hata jani moja lililong'oka zima, ukililaza juu ya udongo, hutoa mizizi, ijapokuwa linakwenda taratibu mno.

Udongo wa kinamo usiutumie, unashika maji. Mimi huchanganya kinongo, ule udongo mwekundu wa huku Unguja, na mchanga mnene au kokoto ndogo, nusu kwa nusu. Mchanga wa ufukweni una chumvi, achana nao. Chungu cha udongo chenye tundu chini nakipenda kuliko plastiki, kwa sababu kuta zake zinapitisha hewa. Maji yakijaa kwenye kisahani, yamwage.

Maelekezo mengi ya jedi yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, yanakwambia upunguze maji majira ya baridi. Kwetu wakati wa kubana mkono ni masika, Machi mpaka Mei: mawingu kutwa, hewa nzito. Mimi huchomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini ya chungu. Kikitoka na udongo umegandia, naahirisha. Wakati wa kaskazi udongo hukauka upesi zaidi, lakini kijiti ndicho kinachoamua, si kalenda.

Na mwanga, hili usilipuuze. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na madirisha tunayafunga mchana kuzuia joto. Mtu anapata ubaridi, jedi inapata giza. Inataka jua kwa muda wa saa nne au zaidi kila siku. Ikilikosa hurefuka shingo, majani hukaa mbalimbali na mti wote huinamia dirishani. Ihamishie dirisha la mashariki, au uani penye jua la asubuhi, lakini uizoeshe kidogo kidogo, la sivyo majani yataungua. Kingo zikiwa nyekundu si ugonjwa, ni jua tu. Maua usiyangoje sana: yanataka usiku mrefu wenye baridi kidogo, na sisi tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta.

Ukiona vitu vyeupe mfano wa pamba kwenye maungio ya majani, ni vidung'ata. Vifute kwa pamba yenye spiriti. Na kama una paka, weka chungu juu asikifikie, maana akila majani atatapika.

Piga picha ya shina pale chini, si ya majani, uiweke hapa. Nikiiona nitakwambia ukate wapi.