Hela ya kampuni kwenye zahanati ya mtaa: maswali yenu

Tuna kiwanda kidogo cha alizeti Singida, tunataka kuchangia zahanati ya jirani maana wafanyakazi wetu wengi wanatibiwa pale. Hela tumpe nani?

Msimpe mtu mkononi jamani, hata kama mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, mnamuamini. Tangu 2017/18 serikali inapeleka hela moja kwa moja vituoni, kwa hiyo zahanati ina akaunti yake benki na ina kamati ya usimamizi yenye wananchi wa hapo hapo. Anzieni kwa Mganga Mkuu wa Wilaya muone mpango wa afya wa halmashauri, halafu kaeni na kamati, ombeni leja ya dawa mfungue kurasa za miezi iliyopita, mtaona wenyewe kitu gani kinaisha kila mara kabla mzigo mpya haujafika, hapo ndo pa kuweka hela. Kila kitu kiingie kwenye muhtasari wa kikao na risiti mchukue.

Mgodi umetujengea wodi ya wazazi, utepe ukakatwa, mpaka leo hajalazwa mama hata mmoja, nesi hakuna na maji hakuna.

Hii inaniuma sana, na inatokea kwa sababu jengo linapigwa picha ila mshahara wa nesi haupigwi picha. Sheria ya Madini ilibadilishwa 2017, mgodi unatakiwa kila mwaka uandae mpango wa kuchangia jamii na ukubaliane na halmashauri, kwa hiyo mbaneni diwani wenu mapema kabla mpango wa mwaka ujao haujapita, waweke kisima, sola, nyumba ya mtumishi, na hela ya nesi wa mkataba mpaka serikali ilete wa ajira. Wodi ya pili msikubali kabla hii haijafanya kazi.

Bosi anasema malaria ni kazi ya serikali, yeye atafaidika nini?

Mwambie habari ya Obuasi, Ghana. AngloGold Ashanti, hao hao wenye mgodi wa Geita, mwaka 2006 walianza kupuliza dawa ukoko, ile ya kuua mbu kwenye kuta za nyumba, mji mzima, sio nyumba za wafanyakazi peke yake, na malaria ikashuka zaidi ya nusu, kukosa zamu kukapungua sana. Baadaye Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria ukawapa hela wapeleke kazi hiyo wilaya nyingine. Mfanyakazi akitoka getini analala mtaani, na mbu wa jirani ndo huyo huyo anayemuuma.

Kampuni ikilipia upimaji wa VVU kazini, bosi ataona majibu yangu?

Hapana. Sheria ya Ukimwi ya 2008 inakataza kulazimishwa kupima, na majibu ni siri yako hata kama kampuni imelipa kila shilingi. Bosi apewe jumla tu, yaani idadi bila majina, na kama idara yenu ina watu watano hata jumla ya idara asipewe, apewe ya kampuni nzima, maana kwenye watano watu wataanza kuhesabiana. Hilo liandikwe kwenye makubaliano na halmashauri kabla wapimaji hawajafika.