Mashine ya boti ikikosa nguvu, anza na propela kabla hujafungua kabureta

Kwa miezi mitatu nilikuwa nalipa watu wafungue kabureta ile ile, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. Nabeba abiria na mizigo Ziwa Tanganyika, kutoka Kibirizi hapa Kigoma kwenda Mwamgongo na vijiji vya njiani, kwa boti ya mbao yenye mashine ya nguvu za farasi 40 niliyoinunua Dar es Salaam. Ikiwa tupu ilikuwa inakwenda vizuri. Ukishapanga mifuko ya saruji na abiria wakakaa, inanguruma kwa sauti nzito, pua ya boti inabaki juu, moshi unatanda nyuma, na ukizungusha mkono wa mafuta hadi mwisho hakuna kinachoongezeka. Kila aliyeisikia alisema kabureta. Nikasafisha kabureta, nikabadilisha plagi, nikanunua pampu ya mafuta. Hali ikabaki vile vile.

Aliyenitoa hapo ni fundi mmoja mzee wa Katonga. Hakugusa hata kofia ya mashine. Aliingia majini hadi magotini, akafuta uchafu kwenye propela kwa kidole gumba, akasoma namba zilizogongwa pale katikati. Akauliza, "Kijana, hii ulikuja nayo kutoka pwani?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, ilikuja na mashine." Akasema, "Basi mashine yako si mgonjwa. Imebebeshwa propela nzito kuliko nguvu zake."

Propela huandikwa namba mbili kwa inchi. Ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inajikaza kwenye kitu kigumu, jinsi skrubu inavyoingia kwenye mbao. Yangu ilikuwa na pichi 13. Pichi kubwa inafaa boti nyepesi inayoteleza juu ya maji. Boti ya mbao iliyolowa, yenye mzigo hadi ukingoni, inataka pichi ndogo. Ni sawa na baiskeli iliyobeba mkaa: ukiweka gia nzito kwenye mlima, utakanyaga hadi mishipa ikutoke na hutafika.

Hapa kwetu kuna jambo lingine ambalo wauzaji wa pwani hawana sababu ya kulifikiria. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya baharini, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hiyo mashine ya 40, ikifika Kigoma, inafanya kazi kama ya 37 hivi hata ikiwa mpya kabisa. Propela iliyoitosha Dar es Salaam inaweza kuilemea huku.

Usibahatishe. Kifaa kilichonisaidia kuliko vyote ni takometa ndogo ya kuhesabu mizunguko, ile ambayo waya wake unauviringisha kwenye waya wa plagi. Weka mzigo wako wa kila siku, toka mahali penye nafasi, fungua mafuta yote, usome. Kisha linganisha na kitabu cha mashine. Changu kinasema mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Mimi nilikuwa napata 4,100. Injini inayolazimishwa kufungua mafuta yote bila kufikia mizunguko yake inajenga masizi, inapata joto, na mwisho wake ni kuua pistoni. Ndiyo maana jambo hili linaniuma: watu wengi hapa mwaloni, tunapoegesha boti, wanaua mashine nzima huku wakilaumu petroli.

Kwa kawaida, ukipunguza pichi inchi moja mizunguko hupanda kati ya 150 na 200. Nilishuka kutoka 13 hadi 10, takometa ikasoma 4,700 na mzigo ule ule. Nilidhani mwendo utapungua. Badala yake, simu yangu iliyokuwa inasoma kilomita 17 kwa saa ikaanza kusoma 20. Sababu ukiipiga hesabu unaiona. Kwenye mashine yangu propela huzunguka mara moja kila injini inapozunguka mara mbili. Kwa pichi 13 na mizunguko 4,100, boti ingepaswa kwenda kilomita 40 kwa saa. Ilikuwa inakwenda 17. Zaidi ya nusu ya kazi ya propela ilikuwa inapotea kwa kuteleza majini. Usishuke kupita kiasi lakini: mizunguko ikizidi ile ya kitabuni boti ikiwa na mzigo mwepesi, nayo pia inaumiza injini. Anayesafiri mara na mzigo, mara bila mzigo, awe na propela mbili.

Kabla hujatoa hela ya propela, hakikisha mashine ni nzima. Toa plagi: moja ikiwa imelowa na nyeusi wakati mwenzake ni ya kahawia, silinda moja haichomi, na hakuna propela itakayoponya hilo. Kagua mpira wa mafuta kama unavuta hewa. Kagua pia urefu wa mashine kwenye ubao wa nyuma. Lile bapa la chuma lililo juu ya propela liwe usawa wa tako la boti au chini kidogo. Likipanda juu, propela inavuta hewa, injini inapiga kelele ghafla na boti haisogei. Na kila wiki fungua propela uangalie nyuzi za nyavu kwenye shafti, ule mhimili unaoizungusha. Uzi wa nyavu za dagaa unakata sili, ule mpira unaozuia maji, taratibu, maji yanaingia kwenye gia, na oili ikitoka ina rangi ya maziwa ujue umechelewa.

Dalili moja huwachanganya wengi: injini inapanda mizunguko vizuri sana lakini boti haiongezi mwendo. Hapo mara nyingi ni bushi ya mpira iliyo ndani ya propela, inayoishikanisha na shafti, imeachia. Chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye bushi hadi kwenye chuma cha propela. Nenda safari yako. Ukirudi na mstari umekatika, kipande kimoja huku na kingine kule, bushi inateleza.

Mimi iliniachia jioni, tukiwa tumepita Gombe kurudi mjini, upepo wa kusini umeanza kuvuruga maji na akina mama wawili wana watoto mgongoni. Sikuwa na propela ya akiba. Nikapunguza mafuta kidogo kidogo mpaka bushi ikashika tena, mwendo wa mtu anayetembea, na sikuongeza hata mara moja. Tulifika Kibirizi saa nne usiku. Tangu siku ile chini ya kiti cha nahodha kuna propela ya akiba, nati, kotapini mbili za kuzuia nati isifunguke na spana yake, na hakuna abiria anayepanda bila jaketi la kuokolea.