Unyevu wa chini ukutani: simiti si dawa

Umetuma picha ya ukuta wa nyumba yako ya Mji wa Kale na kuuliza kama plasta ya simiti itazuia unyevu unaopanda kutoka ardhini. La, simiti haitauzuia, itausukuma juu zaidi. Kuta za nyumba kongwe za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi hazina tabaka la kuzuia maji kwenye msingi. Ukuta hunyonya maji ya ardhini kisha huyatoa kwa kukaukia usoni. Ukiuziba kwa simiti au rangi ya mafuta, maji yanatafuta njia juu na chumvi inabandua rangi. Chumvi hiyo ndiyo ule unga mweupe kwenye picha yako.

Bandua plasta ya simiti hadi kama nusu mita juu ya alama ya unyevu, acha ukuta ukauke (miezi, si siku), halafu piga plasta ya chokaa na upake chokaa juu yake. Mchanga usiwe wa ufuoni, una chumvi. Fundi akikuharakisha, tafuta mwengine.

Ila kama alama imepita mita moja na nusu hivi kutoka sakafuni, kagua bomba na paa kwanza. Unyevu wa ardhini kwa kawaida haufiki huko.