Maswali na majibu: mtu wa nyuma ya mcheza karata

Wiki hizi maswali ya poka, ule mchezo wa karata wa kamari, yamezidi ya mpira, na chanzo nakijua. Ngamiani, hapa Tanga, kuna kibanda cha kuonyeshea mpira ambacho mwenyewe, ligi zikisimama, huweka video za poka za Las Vegas ili wateja wasitawanyike. Watu wanakunywa kahawa chungu, wanatafuna kashata, wanabishana juu ya mchezo ambao nusu yao hawaujui. Nimeokota maswali machache.

Shikamoo mjomba. Kwenye kioo karata za kila mchezaji zinaonekana. Wenzake mezani hawazioni? Na mtu wa nyumbani akimpigia simu kumwambia? (Kijana, Makorora)

Marahaba. Hawazioni, na utamu wote uko hapo. Hujapata kusimama nyuma ya mcheza karata barazani? Mkono wake unauona, mpinzani wake hauoni, na wewe ukikohoa tu unafukuzwa. Yule anayesimama nyuma ndiye anayefaidi mchezo kuliko wanaoucheza.

Televisheni ilichukua miaka kupata pa kusimama. Kituo cha CBS cha Marekani kilipeleka kamera kwenye World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka ya Las Vegas, tangu 1973, lakini mtazamaji alichoambulia ni wanaume wamekaa, huyu anasukuma, yule anatupa karata, basi. Nani kamtisha nani, hujui. Dawa aliileta Henry Orenstein, mzaliwa wa Polandi aliyetoka hai katika kambi za Wanazi, akahamia Marekani na kuwa mbunifu wa vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 1995 alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mtambo wa kamera unaoona karata zilizofichwa. Uingereza nako, kituo cha Channel 4 kikaanzisha Late Night Poker mwaka 1999: ukingo wa meza una kioo, kamera iko chini yake. Marekani ikashika moto na mashindano ya World Poker Tour yaliyoanza kurushwa 2003. Siku hizi karata zenyewe zina chembe ya kielektroniki ndani. Mchezaji akizilaza mahali pake, meza inazisoma.

Kuhusu simu, wenyewe waliliwaza hilo kabla yako. Kituo cha michezo cha ESPN walipoanza mwaka 2011 kurusha mashindano siku hiyohiyo, waliyaweka nyuma nusu saa. Ukimpigia unampa habari ya mkono ambao keshaumaliza na kuusahau.

Yule Moneymaker ndilo jina lake kweli? Sisi hapa tunasema ni la kutungwa. Na je, alishinda kwa bahati? (Fundi baiskeli, Chumbageni)

Ni jina la ukoo, la kuzaliwa nalo. Chris Moneymaker alikuwa mhasibu wa Tennessee. Alilipa dola 86 kwenye mchujo wa PokerStars, kampuni ya poka ya intaneti, akajishindia kiti cha dola 10,000 kwenye shindano kuu la World Series la 2003. Watu 839 waliingia. Alitoka na milioni mbili na nusu.

Bahati ilikuwepo, bila bahati hakuna karata. Lakini tazama mkono mmoja, halafu uniambie. Wamebaki wawili, yeye na Sam Farha, mcheza kamari wa kazi aliyetulia, na sigara isiyowashwa mdomoni. Moneymaker ana mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Farha ana malkia wa shupaza na tisa ya kopa. Mezani zinafunuliwa karata za kutumiwa na wote wawili: tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza. Farha ana tisa mbili, anaongoza. Karata ya nne ni nane ya shupaza. Sasa Moneymaker anangoja: ikija shupaza yoyote (atimize shupaza tano), au tano, au kumi (atimize karata tano za mfuatano), atakuwa na mkono mkubwa kuliko wa mwenzake. Ya tano, ndiyo ya mwisho, inakuja tatu ya kopa. Kalamba garasa. Mkononi hana hata jozi.

Akasukuma vipande vyake vyote vya kuchezea.

Sisi watazamaji tunaona kila kitu, na tumbo linatukata kwa niaba yake. Farha haoni. Anazitazama karata zake, anamtazama Moneymaker, Moneymaker kakaa nyuma ya miwani kama kinyago. Farha akahisi kabisa kwamba jamaa alikuwa anangoja shupaza na hakuipata, akalisema kwa mdomo wake, kisha akazitupa zile tisa. Mkwara umepita. Muda si mrefu baadaye mchezo ukaisha.

Ule mkono ungechezwa mwaka 1990, mtazamaji angeona mtu kasukuma na mwenzake katupa, asingejua kwamba ameona chochote. Ndiyo maana mimi husema Moneymaker ana baba wawili, wake wa Tennessee na yule mzee wa vitu vya kuchezea. Mwaka uliofuata waliingia watu 2,576, na 2006 wakafika 8,773. Kila mhasibu alikuwa ameona mhasibu mwenzie.

Mtangazaji anasema mtu kaweka milioni tatu. Ni dola zile? (Pongwe)

Si dola, ni chipsi, na si za mayai. Kwenye mashindano kila mtu hulipa kiingilio sawa na kupewa vipande vya kuchezea vyenye namba kubwa, havibadilishwi dirishani. Zikikuishia umetoka. Ila kuna vipindi vya aina nyingine, kama High Stakes Poker kilichoanza 2006, ambamo watu hucheza na fedha zao wenyewe, na vile vipande pale ni pesa taslimu. Ukitaka kuwatofautisha watazame nyuso.

Mbona wanavaa miwani myeusi ndani ya nyumba, usiku?

Macho hayana siri. Mtu akiona karata nzuri mboni hupanuka, au hujikuta anazitupia jicho chipsi zake. Wengine ni mbwembwe tu, kamera imewazoesha. Johnny Chan, bingwa wa 1987 na 1988, yeye alikuwa anaweka chungwa mezani na kulinusa, maana enzi zile watu walivuta sigara humohumo ukumbini.

Nani mkubwa wao wote? Hapa kibandani wengine wanasema Hellmuth, wengine Ivey, karibu tupigane. (Wateja wanne, Ngamiani)

Msipigane, kahawa itamwagika.

Kwa hesabu ya bangili, yaani tuzo ya kila shindano la World Series, Phil Hellmuth anazo 17, hakuna aliyemfikia. Alitwaa shindano kuu 1989 akiwa na miaka 24, akimfunga Chan huyohuyo wa chungwa. Lakini mnampenda kwa sababu nyingine, semeni kweli: akishindwa ananuna, anasimama, anafoka kwamba aliyemfunga hajui hata kusoma karata. Mtu mzima mwenye kilio cha mtoto aliyenyang'anywa kashata. Watengeneza vipindi wanamngoja kwa kamera mbili.

Phil Ivey hafanyi hayo. Anakukazia macho, kimya, mpaka wewe ndiye unayetaka kukimbia. Wacheza poka wenyewe ukiwauliza wasingependa kukaa na nani, wengi watamtaja yeye. Mimi namchagua Ivey.

Ila kabla yao alikuwepo Stu Ungar, bingwa wa 1980, 1981 na tena 1997. Kilichomponza ni dawa za kulevya. Mwaka mmoja baada ya ushindi wa tatu alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli ya barabarani, Las Vegas, ana miaka 45. Kamera za karata zilikuwa hazijasambaa bado, kwa hiyo kipaji chake tunakisikia kwa kusimuliwa zaidi ya kukiona. Mnawabishania hao wawili kwa sababu waliwahi kamera.

Mwanangu yuko chuo, mwaka wa pili. Anasema ataacha masomo awe mchezaji wa poka, ameona wanavyolipwa. Nimwambieje? (Mama, Mikanjuni)

Pole, bi mkubwa. Usimgombeze kwanza, mpe hesabu. Mwaka 2023 shindano kuu lilikuwa na watu 10,043, kila mmoja kalipa dola 10,000. Wanaopata chochote ni kama asilimia 15, na wengi wao hupata kidogo kuliko ndoto waliyokuja nayo. Waliobaki wamerudi kwao. Muulize, katika hao zaidi ya elfu nane waliotoka mikono mitupu, amemwona nani kwenye kile kioo? Mchezo huchukua siku nyingi, masaa kumi na zaidi kwa siku, na karibu yote hayo ni kutupa karata. Mhariri huyakata. Anachokiangalia mwanao ni dakika zilizobaki baada ya mkasi.

Na huyo Moneymaker wake alikuwa ameuza sehemu ya kiti chake kwa baba yake na rafiki, kwa hiyo zile milioni hazikuwa zake peke yake.

La dini sikulijibu kwa sababu hukuuliza, lakini kamari Al-Maida aya ya 90 imeitaja waziwazi. Mengine akamuulize shehe wake.

Zamani ukifungua chaneli za nje kulikuwa na poka kila usiku. Zilikwenda wapi?

Fedha ya vipindi vile ilikuwa ya matangazo ya kampuni za poka za intaneti. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia kubwa zake, na vipindi vikakauka kama kisima cha kiangazi. Vilivyorudi vimehamia zaidi kwenye intaneti, ndiko mwenye kibanda anakovitoa.

Karata zetu za barazani, hazingefaa televisheni? (Mzee, Barabara ya Kumi na Mbili)

Shikamoo mzee. Zingefaa sana. Tatizo ni ninyi mnaocheza wawili wawili: kamera ingeonyesha kope, kikohozi, na namna unavyokuna sikio mwenzako akitaka turufu. Mwaka jana nimefungwa mikono mitatu mfululizo na hilo sikio lako. Mimi ningenunua hiyo kamera kesho.