Ile kura uliyoniuliza

Mwanangu,

Umeniuliza kama mimi ningempigia kura Huey Long, huyo gavana wa zamani wa jimbo la Louisiana, Marekani, ambaye kaburi lake unalipita kila siku hapo Baton Rouge, mbele ya jengo la bunge la jimbo la ghorofa 34 alilolijenga mwenyewe na kupigwa risasi humo humo mwaka 1935. Mimi nitakwambia kwa nini wenzako wa Louisiana walimpigia. Kitabu! Aliposhika ugavana mwaka 1928, watoto wa shule wakapata vitabu bure, fedha zikatoka kwenye kodi ya mafuta yanayochimbwa jimboni. Lami aliikuta kama maili 300, akaivusha 2,000. Mwaka 1929 wabunge walitaka kumng'oa, maseneta 15 wakatia saini kwamba hawatamtia hatiani hata uletwe ushahidi gani, kesi ikafa. Mzazi aliyeletewa kitabu bure hajali hayo. Sisemi ni sawa. Nasema hajali.

Ila kuna makato. Watumishi wa jimbo walikatwa mishahara kukigharamia kikundi chake cha siasa, na hapo ndipo damu yangu inapochemka. Unaikumbuka Idi uliyovaa viatu vya dada yako, tukavijaza magazeti puani? Mwezi ule nilikatwa mchango wa ziara ya mkubwa mmoja. Nikaenda kwa mhasibu. Akanigeuzia daftari, akaweka kidole: "Mwalimu, si saini yako hii?" Jina langu limeandikwa kwa R badala ya L. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nimekosea jina langu! Nilicheka mle ofisini. Njiani sikucheka.

Lakini tena, mwaka uliofuata mkubwa yule yule alituletea maboksi ya vitabu. Darasa langu lilikuwa na watoto wanne kwa kitabu kimoja, wa pembeni anasoma nusu ya mstari tu. Nilivipokea mwenyewe. Nilivinusa. Sasa niseme nini? Kitabu ni kitabu, nimewaambia maisha yangu yote. Na saini yangu je?

Mama yako anasema ningempigia, nikanung'unika njia nzima hadi nyumbani. Mimi nasema… ah, hapana, sisemi. Ukiniuliza tena kwa simu nitakwambia mtandao unakatika.

Nitumie picha ya hilo jengo, upande wa kaburi.

Baba yako