Bistro za Paris mchana: msiogope menyu

Mkuu, umesema mtakuwa wanne Paris, mnataka kula mchana bistro, ile migahawa midogo ya kule, lakini mnaogopa bei na menyu ya Kifaransa. Mchana ndiyo wakati wenyewe, hasa siku za kazi. Tafuteni ubao wa chaki ulioandikwa "formule": cha kuanzia na mlo wenyewe, au mlo na kitamutamu, kwa bei moja. Ila "entrée" kule ni cha kuanzia, usije ukashangaa udogo wa sahani. Msichelewe, ikishapita saa nane majiko mengi yanafungwa mpaka jioni.

Mkiingia, "bonjour" kwanza, meza baadaye. Ukiruka salamu utanuniwa mpaka bili. Maji ombeni "carafe d'eau", ya bomba, bure, na mkate haulipiwi. Huduma imo ndani ya bei, kwa hiyo bakshishi ni hiari yenu.

Sasa nyama. Mimi niliagiza "tartare" nikidhani ni steki ya jina zuri. Ikaja nyama mbichi iliyokatwakatwa, kiini cha yai juu yake kinanitazama. Wenzangu walicheka mpaka meza ya jirani ikageuka. Nikaishia kula vibanzi. Hata steki ya kawaida, "à point" yao bado ina wekundu ndani, sema "bien cuit", yaani iliyoiva kabisa. Na kama kuna asiyekula nguruwe, aulizie "lardons", vipande vidogo vya nguruwe, kabla ya kuagiza saladi, maana hujificha humo chini ya majani.