Kizimba cha Samaki Kikae Wapi?

SWALI: Bwana Mhariri, sisi ni kikundi cha wavuvi wa Mambrui, kaskazini ya Malindi, na tumekusudia kuweka vizimba vya kufugia samaki baharini. Kijana wetu amepata mtandaoni picha ya bure ya setilaiti, iliyopigwa mwezi wa Januari, inayoonyesha maji ya mbele yetu kuwa maangavu, na ramani ya bure ya GEBCO imetupa kina cha mita 9. Je, tutie nanga?
Msomaji, Mambrui

JIBU: Kijana wenu amefanya kazi nzuri, nami nawaomba mmwachie aendelee, ila nanga zisubiri. Katika picha ile tazameni kwanza tarehe. Januari ni msimu wa kaskazi, na upepo huo huyasukuma matope yanayomwagwa na Mto Sabaki, ulio kati yenu na Malindi, kuelekea kusini, upande wa Malindi mjini, ndiyo maana kwenu kulionekana kweupe. Kusi ikishika, mto nao ukiwa umejaa maji ya masika, matope hayohayo hugeuka yakaja Mambrui, na samaki aliyefungwa kizimbani hana pa kukimbilia yakimwingia kwenye matamvua.

Kwa hiyo fungueni Copernicus Browser, tovuti ya bure ya picha za setilaiti, mtafute picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo pikseli yake moja, yaani mraba mdogo kabisa wa picha, ni mita 10 kwa upande, na hupigwa kila baada ya siku 5 hivi. Chagueni zisizo na mawingu, hasa za Aprili hadi Septemba, za miaka mitatu au zaidi, kisha katika QGIS, ambayo nayo ni programu ya bure ya kuchora ramani, mchore juu ya kila picha mstari wa pale maji ya kahawia yanapokoma. Mistari ikishapandana, mtaona wenyewe ni wapi matope hufika kila mwaka na wapi hayafiki.

Kuhusu kina, msiitegemee ile mita 9. Pikseli moja ya GEBCO ni kama mita 450 kwa upande, na eneo lote hilo hupewa namba moja tu, hata kama ndani yake mna mwamba uliopanda juu. Isitoshe, kwa kawaida namba hiyo huhesabiwa kutoka usawa wa wastani wa bahari, kwa hiyo maji ya bamvua yakipwa mtapoteza zaidi ya mita moja. Tokeni na mtumbwi wakati huohuo wa kupwa, mtie bildi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kina, kila baada ya mita 50, na simu iandike mahali penyewe.

Mipaka ya hifadhi, kama ile ya Malindi iliyowekwa mwaka 1968, hupatikana bure katika tovuti ya Protected Planet. Iwekeni juu ya ramani yenu. Lakini njia za vyombo vyenu na mahali pa kutega nyavu za jarife kwa kawaida havimo katika data za bure. Mwiteni nahodha mzee, mumwonyeshe ramani, aonyeshe kwa kidole, na kijana achore papo hapo.